Sikio la Sufuria

Gari lilizimika katikati ya mto, na Wifi akatoa tusi ambalo mama yake mzazi hajawahi kulisikia kinywani mwake.

"Washa tena," Mkaguzi alisema.

"Unadhani ninalibembeleza? Ndiyo naliwasha."

Alizungusha ufunguo mara tatu. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vikanyagio, ya kahawia, mazito, na yalikuwa yakipanda huku wakiyatazama. Dakika tano kabla ya hapo Wifi alikuwa ameshuka na fimbo akapima kivuko chote kwa miguu yake mwenyewe: chini ya goti. Hapa hapakuwa na tone la mvua. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na mto ndio kwanza ulikuwa unaileta.

"Tokeni," Mkaguzi alisema. "Si nyuma. Kule mbele, kwenye mawe. Miwani, shika begi la vyombo."

"Na mahema, mama?" Fundi, ndiye huyo Miwani, alikuwa kiti cha nyuma, amekwishapanda juu ya mizigo.

"Achana na mahema."

Mkaguzi alitoka kupitia dirisha, maji yakamfika kiunoni na kumsukuma kama mtu mwenye haraka sokoni. Fundi alifuata na begi kichwani na fimbo ya Wifi mkononi. Wifi alifungua mlango wa upande wake, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mto uliukamata mlango, ukaufungua wote, kisha ukaurudisha kwa nguvu, na bati la chini likampata kwenye muundi. Hakupiga kelele. Alimwambia Mkaguzi tu, "Wifi, mguu," kwa sauti ya mtu anayeripoti jambo la kushangaza.

Walimkokota. Walipofika juu ya mawe na kugeuka, pikapu ilikuwa imeanza kuondoka. Iliondoka taratibu, kwa heshima zote, ikageuka upande mmoja, na kwenye kona ya mto ikaonyesha magurudumu yake. Basi.

Walikuwa kwenye kisiwa. Nusu saa iliyopita kilikuwa kilima cha mawe kando ya njia. Sasa mto ulikuwa umejigawa mara mbili, na kila mkono ulikuwa na upana wa uwanja wa mpira. Urefu wa kisiwa hatua tisini, upana hatua thelathini. Mkaguzi alizihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Kulikuwa na vichaka vilivyokauka, kuni zilizoachwa na mafuriko ya miaka mingine, na upande wa juu mwamba mmoja uliojitokeza kama baraza.

Alimwaga begi chini. Sufuria moja ya lita moja na robo, yenye mkono wa waya wa kutundikia. Kikombe kimoja cha kuta mbili. Kijiko. Kopo lenye sukari na chumvi kwenye vifuko. Koleo ndogo ya Fundi. Kiberiti kilicholowa, njiti nne ambazo vichwa vyake vilikuwa bado havijayeyuka. Simu zote tatu zilikuwa zimekunywa maji. Shingoni mwake lensi yake ya kukagulia, kioo cha kukuza vitu, ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba.

"Tunatarajiwa lini?" Wifi aliuliza. Alikuwa amekaa, amenyoosha mguu. Jeraha lilikuwa refu kama kidole cha kati na limefunguka kama mdomo.

"Ijumaa jioni."

"Leo Jumatano."

"Najua leo ni siku gani."

Kiwanda chao kilikuwa kidogo, watu kumi na mmoja chini ya paa la mabati, na kilitengeneza kitu kimoja tu: vyombo vya titani, chuma chepesi kisichoshika kutu, kwa ajili ya wapanda milima na vikosi vya uokoaji. Mwanzilishi wake aliacha sheria ambayo wafanyakazi waliilalamikia kila mwaka na kuitimiza kila mwaka. Kabla ya shehena kutoka, aliyeigongea muhuri na aliyeichomelea waende porini siku tatu, wapike na kunywa kwenye sufuria iliyochukuliwa bila kuchagua kutoka kwenye maboksi. Mkaguzi alikuwa na muhuri. Fundi, ambaye kila mtu alimwita Miwani kwa sababu miwani yake ya kazi haikutoka kwenye paji la uso hata wakati wa kula, alikuwa amechomelea. Wifi, dada mdogo wa mume wa Mkaguzi, alikuwa dereva na mtunza stoo. Shehena ilikuwa sufuria mia nne, za kuondoka Jumatatu.

Na mlangoni, asubuhi hiyo, mama mkwe alikuwa amemshika Mkaguzi mkono. "Huyo ni kitinda mimba wangu," alisema. "Unirudishie na miguu yake miwili." Walicheka wote watatu.

Sasa Mkaguzi alichana upindo wa gauni lake na kuufunga kwenye muundi wa Wifi. Alipoinua kichwa, Wifi alikuwa ameshajisogeza ukingoni na anateka maji kwa kiganja.

"Usinywe hayo."

"Nimeshakunywa."

"Kiasi gani?"

"Nilikuwa na kiu, wifi. Sikupima."

Muda mfupi baadaye ng'ombe alipita, tumbo juu, amevimba, miguu imesimama kama ya meza. Walimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili pia. Ya tatu ilishika. Waliweka sufuria juu ya mawe matatu karibu na maji, na Fundi akakaa kuitazama kama mtu anayechunga mtoto wa jirani. Maji yalipochemka, Mkaguzi alinyoosha mkono kwenye waya wa kutundikia.

"Acha, mama." Fundi alikuwa ameshavua fulana yake ya ndani, akaikunja, akaishika sufuria kwa chini na ubavuni, akaiepua hivyo hivyo. Pamba iliungua kingo, ikatoa moshi.

"Mkono umewekwa wa nini?"

"Ni wa moto."

"Ni wa moto," Mkaguzi alirudia. Alimtazama kidogo, kisha akaacha. Kulikuwa na jeraha la kuosha.

Aliosha kwa maji yaliyochemka na kupoa, mara tatu, akikamua, na Wifi akauma mkanda wa begi. Kisha Wifi akainua sufuria tupu kwenye mwanga. Chini ilikuwa imegeuka rangi, dhahabu, zambarau na bluu, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi.

"Wifi, hii sufuria yako imekuwa upinde wa mvua. Si sumu hii?"

"Ni moto tu. Rangi iko kwenye ngozi ya juu, haibanduki wala haiingii kwenye maji. Hii haijapakwa kitu, ni chuma kitupu ndani na nje. Zile za alumini zilizopakwa nyeusi ndizo za kuogopa, rangi ikianza kubabuka unakula sufuria pamoja na wali."

"Na hiki kikombe tukiweke pembeni ya makaa, kishike joto?"

"Thubutu. Kile kina kuta mbili na hewa imefungiwa katikati. Ukikiweka motoni hewa inatafuta pa kutokea, na itatokea usoni kwako. Cha kunywea tu."

"Makubwa. Mimi nimevipanga stoo miaka mitatu na hakuna aliyeniambia."

"Imeandikwa kwenye boksi."

"Nani anasoma boksi?"

Mkaguzi alicheka, mara ya kwanza tangu mtoni. "Rangi ya chini baada ya moto si kitu," alisema. "Rangi ya kwenye mshono, siku inapochomelewa, hiyo ndiyo kila kitu. Muulize Miwani."

Lakini Fundi alikuwa ameinuka, anaokota kuni ambazo tayari zilikuwa za kutosha.

Kabla ya giza Mkaguzi alipanga mawe madogo ukingoni, moja kila hatua, apate kujua mto unakwenda wapi. Alfajiri aliyahesabu. Kati ya saba, yalikuwa yamebaki mawili. Mahali pa moto wa jana palikuwa chini ya maji. Fundi alikuwa ameyahamisha makaa kwenye baraza la mwamba, juu ya kipande cha gome, na kuyalea mpaka kukakucha.

Na Wifi alikuwa ameanza.

Alitapika kwanza, kisha tumbo likamwendesha, kisha vyote kwa pamoja, mpaka akakosa hata nguvu ya kuona aibu. Ilipofika saa tatu asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mkaguzi alimfinya ngozi ya nyuma ya mkono. Ilibaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa. Alikuwa ameshawahi kuona hilo, kwa mwanawe wa kwanza, na alijua linakoelekea.

"Vijiko sita vya sukari kwa lita," alimwambia Fundi. "Nusu kijiko cha chumvi. Anywe kijiko kimoja kimoja, kila dakika, hata akitapika. Maji lazima yachemke sawasawa. Akiongeza hayo ya mtoni juu ya haya, hatutamfikisha Ijumaa."

"Sawa, mama."

Barazani palikuwa pembamba na pameinama. Mawe matatu hayakukaa. Kila walipoyapanga, moja liliteleza. Kuyachimbia na kuyakabili kwa vijiwe kungechukua saa nzima. Mkaguzi aliangalia ufa kwenye mwamba, akaangalia fimbo ya Wifi ya kupimia maji.

"Tutundike."

"Tupange mawe," Fundi alisema haraka.

"Mawe hayakai."

"Nitayafanya yakae. Nipe muda."

"Muda huo anao nani? Mtazame." Alishaichomeka fimbo kwenye ufa. "Hii sufuria imening'inizwa kilo kumi na tano kwenye ndoano yangu. Haitashindwa na lita moja ya maji."

"Hiyo siyo iliyoning'inizwa," Fundi alisema. "Ulining'iniza tatu. Za juu ya boksi."

Alikuwa sahihi, na Mkaguzi alichukia kwamba yuko sahihi. Aliitundika.

Maji yalianza kuimba, kisha mapovu yakapanda. Alikuwa ameshapima sukari kwenye kikombe. Alikuwa ameshafungua kifuko cha chumvi. Kulisikika mlio mdogo sana, kama kijiti kuvunjika chini ya unyayo, na sikio la kushoto la sufuria, kile kipande kidogo kinachoshika waya, likaachia.

Sufuria ilipinduka upande mmoja. Fundi aliirukia kwa mikono mitupu, akaikamata, akanguruma kwa meno yaliyofungwa na hakuachia mpaka aliposimamisha chini kilichobaki. Kilibaki kikombe kimoja. Mengine yote yalikuwa yameingia motoni. Mvuke ulipanda mweupe mpaka kwenye paa la mwamba, na ulipoondoka makaa yalikuwa meusi, yanatiririka matope ya majivu.

"Njiti," Mkaguzi alisema.

Fundi alishindwa kufungua kiberiti. Viganja vyake vilikuwa vimeshageuka vyekundu na kung'aa. Mkaguzi aliitoa mwenyewe, ya nne na ya mwisho, akaikwaruza polepole. Kichwa cha njiti kilipondeka kama ugoro, kikabaki ubavuni mwa kiberiti.

Wifi alikuwa amefumba macho. Juu, mawingu yalikuwa blanketi moja la kijivu kutoka mlima hadi mlima. Lensi ilikuwepo shingoni, jua halikuwepo.

Mkaguzi aliokota sikio lililovunjika. Alifanya hivyo kwa mazoea tu, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi hata wa msibani. Akaliweka chini ya lensi.

Titani nzuri ikivunjika hujivuta kwanza, huacha kingo zilizovutika kama mpira. Hii haikujivuta. Ilikuwa imekatika wima, kijivu, chenga chenga, kama kikombe cha udongo kilichoanguka sakafuni. Na juu ya mshono, ambapo ingebidi aone rangi, aliona mistari midogo, mingi, inayokwenda upande mmoja.

Brashi ya waya.

"Gesi iliisha," Fundi alisema. Alikuwa amepiga magoti, mikono ameinua mbele kama mtu aliyebeba sinia. "Ijumaa ile. Saa nane mchana."

Mshono wa titani huchomelewa ndani ya gesi ya kukinga, hewa isiuguse ukiwa wa moto. Hewa ikiugusa, unakauka ndani na kuwa kama kioo, na rangi yake ndiyo husema. Fedha, pitisha. Manjano hafifu ya nyasi kavu, pitisha. Bluu, tupa. Kijivu, tupa na umuite fundi. Kila mtu kiwandani alijua hivyo, hata anayefagia.

"Ngapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Sitini. Labda themanini."

"Zilikuwa bluu?"

"Nyingine kijivu. Bosi alisema shehena imalizike siku hiyo. Mtungi mpya ulikuwa uje Jumatatu. Nikazisugua, mama, mpaka zikang'aa. Nilijua utaziona. Wewe huwa unaona. Nikasema akiziona atazirudisha, basi, nitapigiwa kelele yaishe." Aliitazama mikono yake iliyoungua. "Halafu ukanisifu."

Mkaguzi alikumbuka. Ijumaa hiyo shule ilikuwa imempigia simu, mwanawe wa mwisho ana homa, na alitaka kutoka saa kumi. Utaratibu ulisema mkaguzi aende mezani kwa fundi, auone mshono kabla haujaguswa na brashi. Yeye alikaa kwake na sufuria zikaletewa kwake. Chini ya taa mishono ilikuwa safi mno. Mistari ya brashi aliiona. Ndiyo, aliiona, akajiambia kwamba leo Miwani ameamua kuwa nadhifu, na akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Leo kazi safi." Kisha akagonga muhuri, mara mia nne, na akawahi mtoto.

"Nilikusifu," alisema.

"Niogelee," Fundi alisema. "Nikivuka nitapata watu."

"Ukizama nitakuwa na mgonjwa mmoja na maiti moja ya kutafuta. Kaa chini."

"Mikono yangu—"

"Mikono yako nimeiona. Kaa chini, nafikiri."

Alimnywesha Wifi kikombe kilichobaki, kijiko kimoja kimoja. Vilikuwa kama ishirini na vitano. Vilipokwisha, Wifi alifungua jicho moja.

"Mnagombana?"

"Hatugombani."

"Mmenyamaza kama wagomvi." Alilamba midomo. "Bado yapo?"

"Yanakuja," Mkaguzi alisema, akiahidi kitu asichokuwa nacho.

Alirudi kulishika lile sikio. Lilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kingo zake kali. Alifikiria stoo, mlango wa nyuma, pale mabamba ya chuma yanapopokelewa. Wauzaji hudanganya, huleta chuma kingine na kukiita titani. Ndiyo maana kila bamba, kabla ya kusainiwa, hukatwa kona yake na kuguswa kwenye jiwe la kusagia la mashine. Alumini haitoi cheche hata moja. Chuma cha kawaida hutoa za rangi ya chungwa. Titani hutoa nyeupe, kali, zinazoumiza macho.

"Miwani. Jiwe la kusagia limetengenezwa kwa kitu gani?"

Fundi alimtazama. Kisha akatazama koleo. Kisha akainuka, akatoka barazani akipepesuka, na kwa ncha ya kiatu akaanza kupindua mawe.

Walipata jeupe, gumu, lenye kingo, kubwa kama mkate. Mkaguzi alilibana sikio kwenye koleo na kulipiga juu ya jiwe. Hakuna. Akapiga tena.

"Usigonge," Fundi alisema. "Buruza. Kandamiza, halafu buruza kwa nguvu, kama unataka kulichana."

Akaburuza. Cheche moja, nyeupe kama ya kiwandani, ikaruka na kufa hewani.

Wote wawili walishusha pumzi.

"Sasa tunahitaji cha kuidaka," Mkaguzi alisema. Nyasi zilikuwa na unyevu wa mto. Magome yalikuwa mazito. Alitazama huku na huku, na macho yake yakaishia kwenye tundu la mwamba, ambapo Fundi alikuwa ameiweka fulana yake jana baada ya kuepulia. Ilikuwa kavu. Kingo zake zilikuwa zimeungua nyeusi, pamba iliyogeuka mkaa bila kuwa jivu, laini kama masizi.

Aliishika kwa vidole viwili. Kama Fundi angekuwa ameuamini ule mkono wa sufuria, asingeunguza fulana. Mkaguzi aliliona hilo na hakulisema.

Fundi aliishikilia chini ya jiwe, kati ya viwiko vyake, kwa sababu vidole havikukunjika. Mkaguzi akaburuza. Mara kumi. Mara ishirini. Cheche ziliruka kila upande isipokuwa palipohitajika. Sikio lilikuwa linapungua. Kila mburuzo ulilila kidogo. Ngozi ya kidole chake ilichubuka na damu ikafanya koleo iteleze; akaifuta kwenye gauni, akaendelea. Nyuma yao Wifi alikuwa ameanza kusema na mama yake, kwa adabu kabisa, kuhusu nguo zilizoanikwa.

"Pumzika kidogo," Fundi alisema.

"Nyamaza ushike."

Ya thelathini na kitu ilitua. Doa jekundu, dogo kama kichwa cha pini, likakaa kwenye ukingo mweusi na halikuzimika. Likatanuka. Fundi alilisogelea kwa mdomo na kulipulizia taratibu, machozi yakimtoka kwa moshi au kwa kitu kingine, na Mkaguzi akaleta utando wa ndani wa gome aliouchambua, kisha vijiti, kisha vijiti vikubwa zaidi.

Safari hii aliyachimbia mawe matatu. Aliyakabili kwa vijiwe, akayasukuma moja moja kwa kiganja, akarudia. Ilimchukua dakika arobaini, muda wote akisikia sauti ya Wifi ikipungua. Hakuinua sufuria mpaka jiwe la mwisho lilipokataa kutikisika. Mwili wa sufuria ulikuwa mzima. Ukiacha lile sikio, haukuwa na ufa, haukupinda, na maji yalichemka humo upesi, safi, bila harufu ya chochote.

Vijiko sita. Nusu kijiko. Kijiko kimoja, subiri. Kijiko kimoja, subiri.

Walipokezana mchana wote. Fundi, ambaye hakuweza kushika kijiko, alihesabu dakika. Wifi alitapika mara mbili, kisha mara moja, kisha akaacha. Mawe ya ukingoni yalibaki yale yale mawili. Jua lilipokaribia kuzama Wifi alikojoa, na Mkaguzi, mwanamke mtu mzima mwenye diploma, karibu ashangilie.

Ijumaa, saa tisa alasiri, watu wa barabara walikuja kuangalia kivuko kimeharibika kiasi gani, wakaona moshi katikati ya mto. Walikuwa na katapila na kamba. Walitumia saa mbili. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya chuma, alipokuwa anamfunga Wifi kiunoni aliitazama ile sufuria ya sikio moja aliyoikumbatia.

"Dada, hicho si tungekiacha?"

"Wewe, ukiiacha hii," Wifi alisema kwa sauti iliyokauka, "na mimi niache."

Zahanati walimtundikia dripu na kumshona mguu nyuzi kumi na nne. Mama mkwe alifika na kanga begani, hakusalimia mtu, akafunua shuka kuanzia chini. Alihesabu miguu. Kisha akamfunika binti yake vizuri, akamgeukia Mkaguzi, akamtazama kuanzia gauni lililochanika mpaka kidole kilichofungwa.

"Umekula?" aliuliza.

Hapo ndipo Mkaguzi alipolia.

Jumamosi asubuhi alikuwa kiwandani kabla ya mlinzi kumaliza chai. Bosi alimkuta amekaa sakafuni katikati ya maboksi, lensi jichoni, amezungukwa na sufuria. Fundi alikuwa karibu yake, mikono yote miwili kwenye bandeji, akionyesha kwa kidevu.

"Hizi zinaondoka Jumatatu," bosi alisema.

"Haziondoki."

"Zote mia nne zina muhuri wako."

"Ndiyo maana haziondoki."

Alimweleza. Alianza na lake, taa na simu ya shule na sifa aliyotoa mbele ya watu. Kisha Fundi akasema la kwake, bila kuulizwa, miguu imebanana kama mwanafunzi. Bosi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akauliza Ijumaa ile ni nani alisema shehena imalizike siku hiyo, akakumbuka, akaenda kuagiza mtungi wa gesi.

Zilipatikana mbovu sabini na tatu. Walizining'iniza zote mia nne kwenye ndoano, moja moja, siku nne mfululizo, na kila sikio lilipovunjika mlio wake ulikuwa ule ule, na Mkaguzi alishtuka kila mara.

Wiki tatu baadaye bandeji zilitoka. Fundi alirudi mezani kwake, akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni, akafungua gesi na kusikiliza mvumo wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alichomelea sikio moja. Alizima moto, akaipoza sufuria, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka minane, ukaenda kwenye brashi.

Ukaishia hewani.

"Mama," aliita. "Njoo uione kabla sijaigusa."

Mkaguzi aliacha alichokuwa anafanya. Simu yake ilikuwa inaita mezani, aliiacha iite. Alivuka sakafu yote, akainama, akaweka lensi. Mshono ulikuwa na rangi ya nyasi kavu, sawa, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hakusema kazi safi. Aliuzungusha kwenye mwanga, akautazama tena kuanzia mwanzo.